Dalali wa Mlangoni: Kamisheni za Mtandaoni na Mipaka ya Matangazo ya Utafutaji

Hotuba kwa vijana wanaofanya biashara ya kamisheni mtandaoni, Mwanza

Mwangaluka, ndugu zangu. Nawashukuru walioniita kuzungumza asubuhi hii, na nawashukuru ninyi mliotoka Nyegezi, Buhongwa, Igoma na hata ng'ambo ya maji kule Sengerema, mkaacha shughuli zenu ili tuzungumze jambo moja ambalo limewaumiza wengi humu ndani: kwa nini matangazo tunayoyalipia kwenye injini za utafutaji kama Google yanakataliwa, kwa nini kamisheni zetu, yaani asilimia tunayolipwa kwa kila mteja tunayemwelekeza kwa muuzaji, zinazuiwa mwisho wa mwezi, na kama makatazo hayo ni uonevu au ni haki. Nawaambia mapema msimamo wangu, ili anayetaka kunipinga ajiandae. Naamini kwamba sehemu kubwa ya makatazo hayo ni ya haki, kwamba yalikuja kwa sababu waliotutangulia katika kazi hii walilipwa kwa kazi ambayo hawakuifanya, na kwamba dalali wa mtandaoni anayemwongezea mteja kitu anayo nafasi mpaka leo. Yapo pia mahali ambapo kampuni hizi zinatukosea, na hayo nitayasema bila kuyapunguza.

Naomba nianzie Kirumba, mwaloni, kwenye soko la samaki kando ya ziwa, kwa kuwa pale kila mmoja wetu anapafahamu. Mnunuzi ameshuka kutoka Kongo anatafuta dagaa wakavu na kayabo, yaani samaki wa chumvi. Hamjui mtu, na hajui kwamba magunia mawili yanayofanana kwa nje yanaweza kuwa na dagaa waliokaushwa kwenye vichanja na dagaa walioanikwa chini wakashika mchanga. Dalali mzuri anamchukua, anafungua gunia, anaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, anatoa dagaa wa chini kabisa na si wale wa juu, anawapukuta kwenye kiganja mbele ya mnunuzi ili aone kama kuna mchanga unaobaki. Huyo akidai chake mwisho wa biashara, hakuna mama mwaloni atakayenung'unika, kwa sababu mnunuzi yule asingeufikia mzigo ule bila yeye.

Sasa mchukueni dalali wa pili. Yeye amesimama langoni. Anakuja mteja ambaye kila mwezi hununua kwa mama fulani, anamtaja kwa jina, na anajua meza yake ilipo. Dalali anamshika mkono, anatembea naye hatua kumi, anamfikisha kwa mama yule yule, kisha anasema: huyu nimemleta mimi, naomba changu. Mama akikataa, je, amemdhulumu? Karibu mgogoro wote kati ya wauzaji wa kamisheni na matangazo ya utafutaji, tangu ulipoanza, ni mgogoro wa huyu dalali wa pili.

Kazi yetu yenyewe si ya jana. Amazon ilianzisha mpango wake wa kulipa kamisheni mwaka 1996: mtu mwenye tovuti anaweka kiungo, msomaji anakibofya, akinunua kitu basi aliyemwelekeza analipwa asilimia fulani. Kumbukumbu ya nani alimwelekeza nani hutunzwa na kidakuzi, kile kijifaili kinachowekwa kwenye kivinjari cha mteja. Kwa Amazon kidakuzi hicho kwa kawaida hudumu saa 24. Kwa kampuni nyingine hudumu siku 30 au zaidi. Miaka minne baadaye, Oktoba 2000, Google ilifungua mfumo wake wa matangazo, ambao tangu mwaka 2018 unaitwa Google Ads. Hapo mtu yeyote mwenye kadi ya benki aliweza kulipia neno la utafutaji, na kuanzia mwaka 2002 kuliwekea dau, yaani kutaja bei anayokubali kulipa kwa kila mbofyo, na tangazo lake likatokea kando au juu ya matokeo. Ilipofika hapo, mambo haya mawili yakakutana: mtu hakuhitaji tena tovuti yake, wala maandishi, wala ujuzi wa bidhaa. Alinunua neno, akaweka kiungo cha kamisheni nyuma ya tangazo, na mteja akapelekwa moja kwa moja dukani. Tofauti kati ya gharama ya kubofya na kamisheni ndiyo iliyokuwa faida yake.

Mwanzoni watu walipata fedha nyingi kwa njia hiyo, na mtu akitafuta jina la duka moja aliweza kuona matangazo mengi yaliyopangana, yote yakimpeleka mahali pamoja. Anabofya la kwanza, anarudi, anabofya la pili, anajikuta kwenye ukurasa ule ule. Januari 2005 Google ikaweka sheria kwamba kwa utafutaji mmoja litatokea tangazo moja tu kwa kila anwani ya tovuti. Mwezi Aprili 2008 ikaanza kusimamia kwa ukali sharti kwamba anwani inayoonekana kwenye tangazo ilingane na tovuti ambayo mteja anafikishwa. Kisha Amazon yenyewe ikatangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Mei 2009 haitalipa tena kamisheni kwa washirika wa Amerika Kaskazini wanaoleta wateja Amazon kwa kununua matangazo ya utafutaji. Wako watu waliolala na biashara wakaamka hawana.

Nataka tukae kidogo kwenye ile sheria ya mwaka 2005, maana wengi wanaitaja lakini hawaoni uzito wake. Kama tangazo ni moja tu kwa kila tovuti, na mimi dalali naelekeza wateja moja kwa moja kwenye tovuti ya mwenye duka, basi mimi na mwenye duka tunagombea nafasi moja. Nikimzidi, tangazo lake haliwi chini ya langu, linatoweka. Mteja anayeandika jina la duka lake anakutana na maneno yangu, pengine yenye ahadi ambazo mwenye duka hakuzitoa, na akinunua, mwenye duka ananilipa mimi kwa mtu aliyekuwa anamtafuta yeye. Hata pale ambapo matangazo yetu mawili yanatokea kwa anwani tofauti, mnada wa maneno umejengwa hivi kwamba kila mmoja hulipa takriban kile kinachotosha kumweka juu ya anayemfuata. Maana yake ni kwamba nikiweka dau kwenye jina la mtu, nampandishia yeye bei ya jina lake mwenyewe. Anaweza kulipa mara mbili kwa mteja mmoja, yaani mbofyo ghali na kamisheni yangu.

Nayajua haya kwa kuwa niliyafanya. Nilipoanza kazi hii nilikubaliana na nyumba moja ya wageni hapa mjini, ambayo sitaitaja, kwamba kila mgeni nitakayemleta nitapata asilimia 10 ya malipo ya usiku wa kwanza. Chumba kilikuwa shilingi 80,000, kwa hiyo changu kilikuwa shilingi 8,000. Nikaweka matangazo kwenye maneno ya jumla, kama vile nyumba ya wageni Mwanza, na kila mbofyo ulinigharimu karibu shilingi 250. Kati ya watu arobaini waliobofya, mmoja ndiye aliyeweka nafasi. Fanyeni hesabu: nilitumia shilingi 10,000 kupata shilingi 8,000. Nikakaa wiki mbili nikipoteza fedha, kisha nikajaribu kuweka dau kwenye jina la nyumba yenyewe. Ghafla, kati ya wanane waliobofya, mmoja aliweka nafasi. Gharama ikashuka mpaka shilingi 2,000 kwa mgeni na faida ikawa shilingi 6,000. Nilidhani nimekuwa fundi wa matangazo.

Baada ya mwezi mmoja na siku kadhaa nikapeleka madai ya wageni 19. Mwenye nyumba ni mzee wa makamo ambaye hapendi maneno mengi. Hakunijibu kwa barua wala kwa simu. Aliniita ofisini, akavuta daftari la wageni lililofunikwa kwa karatasi ya khaki, akaliweka katikati yetu, akachukua orodha yangu akaiweka pembeni. Kisha akaanza kushuka nayo kwa kidole, jina kwa jina, akifungua kurasa za nyuma kila alipofika kwa mtu.

"Huyu wa Kahama," alisema, "amelala hapa mara sita. Mke wake alipojifungulia Bugando alikaa hapa wiki nzima, chumba namba nne. Binti yangu, wewe umemtoa wapi?"

Sikuwa na jibu. Alipomaliza, wageni 11 kati ya 19 walikuwa wamewahi kulala pale kabla sijaanza kazi. Hawakuikumbuka anwani ya tovuti, wakaandika jina la nyumba kwenye simu, wakabofya cha kwanza walichokiona, na cha kwanza kilikuwa mimi. Nikamwambia, "Baba, hawa kumi na mmoja si wangu." Akanilipa wanane. Sikuona kwamba amenionea siku ile, na sioni hivyo leo.

Kile ambacho mzee yule alikiona kwa daftari, wachumi walikipima kwa kiwango kikubwa. Mwaka 2012 kampuni ya eBay iliacha kulipia matangazo yenye jina lake kwenye injini za Yahoo na MSN huko Marekani, huku ikiendelea kulipia kwenye Google ili pawepo cha kulinganisha. Watafiti Thomas Blake, Chris Nosko na Steven Tadelis waligundua kwamba asilimia 99.5 ya mibofyo iliyopotea kwenye matangazo ilirudi kupitia matokeo ya kawaida yasiyolipiwa. Mtu aliyekuwa anaitafuta eBay aliifikia eBay, tangazo liwepo lisiwepo. Utafiti huo ulichapishwa kwenye jarida la Econometrica mwaka 2015. Wanaousimulia mara nyingi huishia hapo, na kwa kweli nusu ya pili ndiyo inayotuhusu sisi: kwa maneno yasiyo jina la kampuni, watafiti hao waliona kwamba matangazo yaliwagusa watu wapya na wale wanaonunua mara chache, wakati wateja wa kila siku, ambao ndio walioibeba sehemu kubwa ya gharama, hayakuwabadilisha chochote. Tangazo lina nguvu kwa asiyejua. Nikubali pia kwamba eBay ni jina linalojulikana dunia nzima, na nyumba ya wageni ya Ilemela yenye vyumba kumi na viwili haiko katika hali hiyo. Mshindani wake akinunua jina lake, anaweza kweli kumpoteza mgeni. Lakini hilo ni jambo la mwenye nyumba kuamua na kulilipia yeye mwenyewe. Dalali hana mamlaka ya kuliamua kwa niaba yake kisha akampelekea madai.

Mtaniuliza kama sheria za nchi zinakataza kuweka dau kwenye jina la mtu. Hapa watu wengi huchanganya mambo matatu, nami nitajaribu kuyatenganisha. Kuna sera ya kampuni ya utafutaji, kuna sheria ya alama za biashara, na kuna mkataba wako na mwenye bidhaa. Google kwa sera yake haimzuii mtu kutumia jina la biashara ya mwingine kama neno la kuwekea dau. Inachoweza kuzuia, baada ya mwenye jina kulalamika, ni kuliandika jina hilo ndani ya maneno ya tangazo, na hata hapo wauzaji halali na tovuti za kutoa taarifa wana nafuu yao. Kwa upande wa sheria, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua tarehe 23 Machi 2010, katika shauri kati ya Google na Louis Vuitton, kwamba injini ya utafutaji haivunji haki ya alama ya biashara kwa kuuza tu neno, lakini mwenye tangazo anaweza kuwajibika ikiwa mtumiaji wa kawaida hawezi kutambua kwa urahisi kama bidhaa inatoka kwa mwenye jina au kwa mtu mwingine. Huo ni uamuzi wa Ulaya, haututawali sisi, ila kipimo chake ni kizuri: je, anayesoma tangazo anajua ni nani anayezungumza naye? Linabaki la tatu, mkataba, na kwetu sisi hilo ndilo lenye makali kuliko yote. Unaweza kuwa hujavunja sera ya Google, wala sheria ya nchi yoyote, na bado ukanyimwa kamisheni yote kwa sababu kifungu cha saba kilisema usiguse jina lao, nawe hukukisoma.

Kuna kundi jingine la makatazo ambalo halihusu majina bali ukurasa wenyewe anaofikishwa mteja. Google haikubali tangazo linalompeleka mtu kwenye ukurasa ambao kazi yake pekee ni kumsukuma aende kwingine, wala ukurasa ulionakiliwa kutoka kwa mwenye bidhaa bila kuongezwa chochote. Tangu katikati ya miaka ya 2000 imekuwa ikipima pia ubora wa tangazo na ukurasa, ikitoa alama ambayo leo husomeka kuanzia 1 hadi 10, na ukurasa mbovu hulipishwa zaidi au haupati nafasi kabisa. Nimesikia vijana wakisema kwamba hii ni njama ya kuwatoa wadogo. Naomba mjiweke katika nafasi ya yule mama aliyeko Geita anayetafuta kwenye simu usafiri wa kufika Ukerewe kwenye msiba, bando lake likiwa linaisha. Anabofya tangazo, ukurasa unafunguka polepole, una picha ya boti na kitufe kimoja. Anabonyeza, anafikishwa ukurasa mwingine wenye picha ile ile. Bando limekatika. Aliyemfanyia hivyo amekula shilingi zake bila kumpa hata saa ya kivuko kuondoka.

Yako makatazo mengine ambayo sitayatetea kirefu kwa kuwa hayahitaji mtetezi. Kumwekea mtu kidakuzi bila yeye kubofya chochote, ili siku akinunua uonekane umemleta, ni wizi. Wauzaji wawili wakubwa wa kamisheni wa eBay walihukumiwa kifungo huko Marekani mwaka 2014 kwa jambo hilo. Kuonyesha wakaguzi wa matangazo ukurasa mmoja na wateja ukurasa mwingine ni udanganyifu. Kufungiwa akaunti kisha kufungua nyingine kwa laini ya simu ya shangazi ni kuvunja sera upya, na akaunti ya pili ikigundulika nayo hufungwa.

Suala la mikopo, hata hivyo, silipiti haraka, maana limeingia kwenye nyumba zetu. Tangu Julai 2016 Google ilikataza matangazo ya mikopo inayotakiwa kurejeshwa yote ndani ya siku 60, na katazo hilo linawahusu pia wanaokusanya majina ya wakopaji kwa ajili ya wakopeshaji. Huko nje inaitwa mikopo ya siku ya mshahara. Sisi tunaiita kausha damu, na jina letu linaeleza vizuri zaidi. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo ya kidijiti yaliyokuwa yakifanya kazi bila kibali. Najua kwamba programu za aina hiyo hulipa kamisheni nono kwa kila anayejiandikisha, na najua kwamba baadhi yetu tumezipeleka kwenye makundi ya familia na ya kanisa baada ya kukataliwa kwenye matangazo. Nawaomba tuache. Mtu anayepigiwa simu yeye, kisha wakapigiwa mama mkwe wake na mwajiri wake, kwa sababu ya deni la shilingi 50,000, aliingia kupitia kiungo cha mmoja wetu. Kubeti nako kuna masharti yake: Google humtaka mwenye matangazo hayo apate idhini kwa kila nchi anayolenga, na dalali hawezi kujificha nyuma ya leseni ya kampuni anayoiuzia.

Sasa niseme tunapokosewa. Kampuni za utafutaji zinaendesha ukaguzi kwa mashine, na mashine hukosea. Kwa makosa inayoyaita makubwa, Google huifunga akaunti bila onyo la awali. Kwa mengine hutoa onyo la siku saba. Mtu aliyefungiwa kimakosa anapata ujumbe unaotaja jina la sera bila kumwonyesha ni tangazo gani, sentensi gani, ukurasa gani. Anakata rufaa kwa fomu, anajibiwa kwa maneno yale yale. Kwa kampuni kubwa yenye wakala wa matangazo hilo ni usumbufu. Kwa kijana wa Mabatini ambaye mtaji wake wote uko kwenye akaunti hiyo, ni kufilisika. Kampuni inayochukua fedha za mtu inapaswa kumweleza kosa lake kwa maneno yanayomwezesha kulirekebisha, na kumpa binadamu wa kulisoma jibu lake.

Kosa la pili linafanywa na wanaolipa kamisheni, na hili limenigusa mwenyewe. Kampuni moja niliyoifanyia kazi ilinizuilia malipo ya miezi mitatu kwa ujumbe wa mstari mmoja kwamba nimekiuka masharti ya matangazo. Nilipouliza ni sharti lipi, nikaambiwa masharti yamebadilishwa na kwamba taarifa iliwekwa kwenye ukurasa wao wa ndani. Sharti lilibadilishwa katikati ya mwezi wa pili wa ile mitatu, likatumika kurudi nyuma mpaka mwezi wa kwanza. Yule mzee wa daftari aliniwekea ushahidi mezani, jina kwa jina. Hawa waliniwekea ukuta. Katazo la haki linaweza kutekelezwa kwa dhuluma, na tunapolalamika tuyatenganishe hayo mawili, la sivyo hakuna atakayetusikiliza hata pale tulipo na haki.

Mtataka kujua nilifanya nini baada ya siku ile ofisini kwa mzee. Nilichukua maneno yote yenye jina la nyumba yake, pamoja na namna watu wanavyolikosea kuliandika, nikayaingiza kwenye orodha ya maneno ambayo matangazo yangu hayaruhusiwi kutokea. Kisha nikaanza kuandika ukurasa wangu mwenyewe. Nilikwenda kwenye gati nikauliza ratiba na nauli za kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, nikaeleza na njia ya pili ya kupitia Bunda na kivuko cha Kisorya kwa yule anayetoka Musoma. Nikaandika namna ya kufika Hifadhi ya Kisiwa cha Saanane, ambayo iko dakika chache tu kwa boti kutoka katikati ya mji. Namna ya kufika makumbusho ya Wasukuma kule Bujora. Na njia ya kwenda lango la Ndabaka kwa anayetaka kuingia Serengeti kutokea upande wetu wa ziwa. Nilipiga picha kwa simu yangu. Chini ya kila sehemu nikaeleza ni wapi mtu anaweza kulala, nikiandika wazi juu ya ukurasa kwamba akiweka nafasi kupitia viungo hivi nitalipwa kamisheni na kwamba bei yake haiongezeki. Watu wanaoacha namba zao za simu kwangu nawaambia nitazitumia kwa nini, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inatuhusu hata sisi wenye ukurasa mmoja.

Matangazo yangu sasa yanawekwa kwenye maswali: namna ya kufika Nansio, boti za Saanane, njia ya Ndabaka. Mibofyo yake ni ya bei rahisi kuliko ile ya nyumba ya wageni Mwanza, kwa kuwa wachache wanaigombea, na ukurasa unajibu kile kilichoulizwa. Mapato hayakuja haraka. Miezi mitano ya mwanzo nilikuwa naongeza fedha kutoka kwenye duka langu la vifaa vya shule. Lakini wageni wanaotoka kwenye ukurasa ule ni watu ambao hawakuwahi kusikia jina la nyumba yoyote hapa mjini, na nikipeleka orodha yao mwisho wa mwezi, naipeleka nikiwa nimekaa wima. Mzee naye ameongeza safu moja kwenye daftari lake, baada ya safu ya mahali mgeni anapotoka, ameandika kwa mkono juu ya kila ukurasa: Umetufahamu vipi? Wafanyakazi wa mapokezi wanauliza na kuandika jibu, na tunapokutana tunalinganisha orodha yangu na safu hiyo kabla hajatoa fedha.

Niliwaomba waandaaji wawaambie mje na mikataba yenu, na naona wengi mmeileta, wengine kwenye simu. Baada ya chai tutaketi watano watano. Fungueni moja kwa moja kwenye kifungu kinachohusu maneno ya utafutaji na majina ya biashara, kisha kile kinachoeleza jinsi masharti yanavyobadilishwa na taarifa inatolewa wapi na siku ngapi kabla. Ambaye mkataba wake hauna hicho cha pili aje kwenye meza yangu, tuandike pamoja barua ya kukiomba.